Kila Mji Una Viboko Wake

Mjukuu wangu, habari zimenifika. Bibi yako mdogo aliniambia jana kabla hujaniambia wewe, na kabla yake aliniambia muuza maziwa. Unakwenda Bangkok mwezi wa tisa kwenye yale maonyesho ya vito, na yakiisha unataka kubaki siku sita saba ukila maisha. Sikukatazi. Nimeendesha basi miaka thelathini na moja kati ya Singida, Babati na Arusha, na mtu aliyelisha watoto kwa nauli za wasafiri hana mdomo wa kukataza safari. Ila nimechoka, na maneno haya nimeshawaambia wengi. Igeuze hiyo simu kifudifudi, unisikilize mara moja.

Tazama pale chini ziwani. Mgeni akifika Ziwa Babati saa kumi na moja jioni anakuta maji yametulia, upepo unashuka kutoka mlima Kwaraa, anavua viatu. Hajui kwamba jua likizama viboko wanatoka kwenda malishoni, na njia yao inapita hapo hapo alipoweka viatu vyake. Mvuvi anajua. Mtoto wa darasa la pili anayechunga mbuzi pale anajua. Mgeni hajui, na si kwamba ni mjinga. Hakuuliza, na waliomwona waliona haya kumwambia. Huko uendako nako kuna viboko, na hakuna aliyewawekea kibao.

Mji wa joto wa Asia nilioukanyaga kwa miguu yangu ni mmoja tu, Chennai, nilikompeleka marehemu bibi yako mwaka 2009 kwa ajili ya valvu ya moyo. Wakati ule taasisi ya moyo ya Muhimbili haijaanza, watu walikuwa wakipelekwa India. Tulifika mwezi wa tano. Sisi ni watu wa baridi ya Juni, ya kuota moto ndani ya koti la mtumba. Kule joto lilinipokea mlangoni mwa uwanja wa ndege kama blanketi lililotolewa kwenye maji ya moto halijakamuliwa. Si joto la Mbugwe, ambalo ukikaa kivulini unapona. Lile linakufuata kivulini, linalala na wewe kitandani.

Siku ya pili nikatoka kwenye nyumba ya wageni kununua maji. Dakika tano tu, nilijiambia. Nikakata kona ya kwanza, nikakata ya pili, duka limefungwa, nikaenda mbele kidogo, na niliporudi ile kona haikuwepo. Maandishi ya vibaoni yamejikunja kama mizizi ya mhogo, siwezi kusoma hata herufi moja. Jina la nyumba ya wageni silikumbuki. Watu wananiuliza kwa upole, najibu kwa Kiswahili! Dereva wa basi, mtu anayejua kila kalvati kutoka hapa mpaka Makuyuni, nimepotea mita mia tatu kutoka kitandani kwangu. Nilizunguka saa nne. Mwisho nikakaa chini mbele ya fundi viatu, kichwa kinagonga, na yule fundi ndiye aliyeninyooshea kidole kifuani. Mfuko wa shati ulikuwa na kitambulisho cha kumwona mgonjwa, chenye jina la hospitali kwa maandishi ya kwao. Muda wote ule nilikuwa nimekibeba.

Kwa hiyo ukifika hotelini, kabla hata hujanawa uso, omba kadi yenye anwani kwa Kithai, itie mfukoni, na hapo mfukoni isitoke. Simu inaishiwa chaji, kadi haiishiwi. Na siku mbili za kwanza tembea kama mgonjwa: asubuhi mapema na jioni, mchana kaa ndani, kunywa maji kabla kiu haijakushika. Maji ya chupa, si ya bomba.

Sasa tiketi. Hili hulisemi mbele ya mabroka wenzako kwa sababu watakucheka, lakini nimeona watu wazima wakilia kwa ajili yake. Tiketi ya ndege haihesabu saa kama sisi. Imeandikwa 02:00 tarehe 14, wewe unasoma saa mbili, unapanga kutoka Babati asubuhi ya tarehe 14. Ndege inaondoka saa nane usiku, na usiku wenyewe ni ule unaoanzia jioni ya tarehe 13. Kutoka hapa hadi uwanja wa ndege wa KIA weka saa tano hata kama wanasema nne, kwa sababu lori likilala Magugu au Minjingu barabara ni hiyo hiyo moja. Jambo la kufurahisha ni kwamba Wathai wenyewe, wakizungumza mtaani, usiku wanahesabu kama sisi. Saa moja ya usiku ni moja, saa mbili ni mbili, mpaka tano. Yule broka mzee wa Mirerani niliyekuwa nikimbeba ndiye aliyeniambia, na alisema siku aliyoligundua alijiona yuko nyumbani. Ila tiketi haijui Kithai wala Kiswahili. Na kwao jua limetutangulia saa nne: wewe ukipiga simu saa mbili ya usiku wa kwao, mimi hapa ni saa kumi jioni, niko macho. Huna kisingizio.

Karatasi hazina hadithi ndefu. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele. Kama huna, ofisi ya Uhamiaji iko hapa hapa mjini, ada ni shilingi 150,000, na usimpe mtu wa pembeni hata mia ya kuharakisha. Viza ya Thailand siku hizi inaombwa mtandaoni, omba mapema. Tangu Mei 2025 kuna na fomu ya kuingilia, inajazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Haina malipo, na ukurasa wowote unaokudai pesa kwa hiyo fomu ni wa wezi. Halafu chanjo ya homa ya manjano. Thailand wanaidai kwa Mtanzania, na kadi inaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo ukichoma juzi na kuondoka leo umechomwa bure. Ukishachomwa imekwisha, ni ya maisha. Usinunue kadi bila sindano. Najua wanauza. Nami najua ni nani, ila nimeshachoka kugombana na watoto wa watu.

Twende kwenye mzigo, maana hapa ndipo ninapotaka usipepese macho.

Mwaka 1994, stendi ya Singida, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, alinipa boksi la viatu. "Mzee, kuna dada atalipokea Arusha." Akaniongeza na ya soda. Nikaliweka chini ya kiti changu, sikulifungua, kwa sababu kufungua mzigo wa mtu ni kukosa adabu. Kwenye kizuizi askari alipanda, akanusa, akainama. Juu kulikuwa na viatu kweli, jozi moja, vipya. Chini yake bangi imeshindiliwa kama tumbaku. Nilieleza habari ya kijana na shati lake. Nilieleza habari ya dada wa Arusha. Nikaandika maelezo, nikalala mahabusu siku tatu, abiria wangu wakahamishiwa basi jingine, na nikitoka nikakuta kazi imeponea chupuchupu. Yule dada hajatokea hadi leo.

Hayo ni ya kwetu, ambako bibi yako aliweza kuniletea uji. Kule huletewi uji. Singapore mtu akikutwa na heroini inayozidi gramu 15, au bangi inayozidi gramu 500, sheria yao ni kitanzi. Gramu 15, mjukuu wangu, hata mfuniko wa chupa ya chai huujazi. Mwaka 2013 Watanzania waliofungwa Hong Kong kwa kubeba dawa za kulevya waliandika barua, na padri mmoja Mwaustralia, John Wotherspoon, aliyekuwa akiwatembelea gerezani, akazitangaza ili zifike huku nyumbani. Walikuwa wanatuonya sisi. Wengi walioingia kwenye njia ile walianza na mtu aliyelipa tiketi, mtu mwenye shati lililopigwa pasi.

Basi begi lako ulipange mwenyewe, ulifunge mwenyewe, na usibebe hata bahasha ya mtu. Rafiki yako akikuambia "nipelekee dawa ya mama," mwambie babu amekataza. Nitie mimi lawama, nimezeeka, lawama hazinipati tena. Na wakikuambia bangi ruksa Thailand, ujue wanakupa nusu ya habari. Waliiruhusu Juni 2022, mwaka 2025 wakageuka, sasa inataka cheti cha daktari. Na sigara zile za umeme, mnazovuta mkijiona watu wa mjini, kule ni marufuku. Ziache Babati. Ukiniuliza mimi, hata Babati zisibaki.

Wewe ni broka wa mawe, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Fundi huumia kwa chombo chake. Tanzanite ni ya mkoa wetu, imetoka Mirerani tangu 1967, na ukuta wa kilomita 24 na nusu umeizunguka tangu 2018. Kwa hiyo unajiona una jicho. Unalo kweli. Lakini Bangkok ndiko mawe ya dunia nzima yanakokwenda kuchomwa na kukatwa, na mafundi wa kule wamezeeka kwenye moto huo. Unajua tanzanite yenyewe ikitoka ardhini mara nyingi ni ya kahawia, moto ndio unaoipa ubuluu. Sasa rubi yenye nyufa wanaijaza kioo, inang'aa, na kwa taa ya duka jicho lako la Mirerani halitaona kitu. Chochote cha maana usikilipie mpaka kipimwe na maabara. Wana taasisi yao ya vito, inaitwa GIT. Na huko uendako usipeleke jiwe hata moja ndani ya soksi. Kama unataka kupeleka sampuli, pita sokoni, pita Tume ya Madini, upate kibali chenye jina lako. Soksi zimeshawafikisha wengi pabaya.

Kuna ulaghai mmoja wa kule ambao ni wa zamani kuliko wewe, na bado unakula watu. Unatoka kwenda Jumba la Kifalme, lile lililoanza kujengwa 1782. Njiani mtu mwenye heshima zake, pengine ana kitambulisho shingoni, anakuambia: leo pamefungwa, kuna ibada. Lakini usihuzunike, kuna bajaji hapa, itakuzungusha mahekalu matatu kwa bei ya pipi. Bajaji yao wanaiita tuk-tuk. Hekalu la kwanza ni zuri. La pili unakutana na mgeni mwingine, naye kwa bahati tu anakusimulia kwamba leo ni siku ya mwisho ya punguzo la vito, ukinunua hapa unauza kwenu mara mbili. Hekalu la tatu ni duka. Utasema wewe huwezi. Mtu wa mawe ndiye anayeingia haraka, kwa sababu mwenzake anaona kito, yeye anaona biashara. Na jumba lilikuwa wazi siku nzima. Ukiambiwa mahali pamefungwa, nenda mpaka mlangoni ukaone kufuli kwa macho yako.

Nisubiri kidogo, nipumue.

Pale karibu na stendi kuna mama mwenye genge la nyanya na vitunguu. Kila nikipita ananisimamisha. Ananiuliza kama nimesikia lolote. Mwanawe alipata kazi ya kompyuta nchi za huko, mshahara wa dola, tiketi imelipwa na watu asiowajua. Aliondoka na basi langu. Kiti cha nyuma yangu, dirishani. Alikuwa na furaha mpaka akawanunulia jirani zake mahindi ya kuchoma Makuyuni. Sikumuuliza swali hata moja. Nilimwambia safari njema, nikampa mkono, nikapakia wengine. Mama yake hanilaumu, ananiuliza tu, na mimi njia ile sasa naizunguka.

Ndiyo maana nakuambia wewe yote haya. Kuna mji mpakani unaitwa Mae Sot. Kutoka Bangkok ni karibu kilomita 500, kama uende Dodoma na urudi. Ukivuka mto hapo uko Myanmar, na ng'ambo ile kuna majumba yenye kuta na walinzi, ambamo vijana wanalazimishwa kutapeli watu mtandaoni mchana na usiku. Wasiofikisha hesabu wanapigwa. Februari 2025 walipotolewa watu zaidi ya 200 kwa mkupuo mmoja, Waethiopia walikuwa wengi, na Wakenya na Waganda wamo. Wengi wao walifika Bangkok kwa ndege kama utakavyofika wewe. Kwa hiyo ukiwa huko, mtu akikupa kazi ambayo hukuiomba, hata ya siku mbili, hata ya kutafsiri, kataa. Ukipanda gari uliloambiwa linakwenda sehemu fulani ya mji, na mji ukaanza kuisha dirishani, usione haya kupiga kelele. Polisi wa watalii kule ni 1155. Iandike kwenye karatasi, si kwenye simu tu. Na kabla hujaondoka uliza Wizara ya Mambo ya Nje ni ubalozi wetu upi unaoihudumia Thailand, uandike na hiyo.

Usinune. Sikukuita nikuharibie safari. Yule broka mzee alikuwa akianza kuusifia mji ule nikiwasha gari hapa, anamaliza tuko Kisongo. Alisema barabarani wanakaa kushoto kama sisi, kwa hiyo kuvuka hakutakuchanganya, ila pikipiki zinapanda mpaka njia ya miguu. Bodaboda wao wanavaa vizibao vya rangi ya chungwa na wana vituo vyao, kubaliana bei kabla ya kupanda. Pikipiki usikodishe uendeshe mwenyewe. Huna leseni yake, na bima haitakutambua ukianguka. Bima yenyewe kata. Foleni ni ya kulala, lakini kuna treni inayopita juu ya barabara tangu 1999, baridi kama friji. Na jioni, alisema, acha vyote upande boti ya abiria kwenye mto wao, Chao Phraya, nauli ya kawaida kabisa, jua likizama nyuma ya hekalu la Wat Arun. Alikuwa mtu mkali, ana makovu ya mgodini usoni, lakini akifika kwenye habari za ule mto sauti yake ilikuwa inashuka.

Chakula kula kwa mama lishe wa barabarani mwenye foleni ya watu wa kwao, kinachotoka motoni mbele ya macho yako. Wali utaujua, ingawa utaniambia kama unaufikia wa Magugu. Pilipili yao si mzaha. Doriani, lile tunda lao linalonuka, onja nje, hotelini usiingie nalo, watakutoa.

Adabu yao inakaribiana na yetu, na hapo utastarehe. Mdogo ndiye anayemwanza mkubwa salamu, wanaunganisha viganja na kuinama kidogo. Hekaluni funika mabega na magoti, vua viatu. Mtoto wa mtu usimshike kichwani hata kwa kumbariki, kwao kichwa ni kitakatifu. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa unapigwa vituoni na bustanini, watu wanasimama, simama nawe. Na mfalme wao usimtaje kwa mzaha, wala mtandaoni. Sheria yao inatoa miaka mitatu mpaka kumi na tano kwa kosa moja.

Mwezi wa tisa ni mvua, tena ndiyo yenyewe. Mji ule umekaa chini kabisa, umesimama juu ya mifereji, mvua ya saa moja inajaza barabara. Maji hayo usiyakanyage na kidonda mguuni. Ile homa ya mgunda iliyowapata wenzetu wa Lindi mwaka 2022 hupatikana kwenye maji ya namna hiyo, yenye mkojo wa panya. Na mbu wa kule wa kuogopwa ni wa mchana, mwenye dengue, kama ile iliyotikisa Dar es Salaam mwaka 2019. Jipake dawa asubuhi. Ukishikwa na homa meza panadol, si aspirini, nenda hospitali. Na ukirudi hapa ukaumwa, usikae kimya hospitali ya Mrara wakutibu malaria wiki nzima; mwambie daktari ulikotoka.

Basi, nimesema. Kilichobaki ni hiki. Safari niliyofundishwa mimi inapangwa kuanzia kurudi. Kwanza nipe tarehe ya kurudi, tiketi iwe imeshalipwa, na pesa ya kukutoa KIA mpaka hapa niachie mimi, ili hata ukiibiwa vyote ukifika pale nimtume mtu. Nakala ya pasipoti iache kwenye lile kopo la biskuti, pamoja na vyeti vya bibi yako. Kila siku saa mbili usiku ya kwao nipigie. Usinitumie picha, sizioni vizuri. Nataka sauti. Siku ya kwanza usipopiga nitasubiri. Siku ya pili nitakwenda mwenyewe Uhamiaji, na unajua nikishavaa lile koti huwa sirudi kimya.

Leta kalamu, iko pale juu ya redio. Na kalenda iteremshe ukutani. Ndege ya kurudi inaitwaje? Herufi kwanza, halafu namba. Polepole, hii kalamu inakwaruza.